Kichwa cha Scania, mchanga wa Bahi na mizani ya Nala: kisa cha tipa moja Dodoma

Mama mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi Majengo alikuwa ameshatoa kishika uchumba cha kichwa cha Scania, gari la kuvuta tela, kabla hajanipigia simu. Alitaka kitu kimoja tu: nije nipime, nimwambie fundi wa kuchomelea bodi la tipa liwe na urefu gani. Mambo mengine, kwa maelezo yake, dalali alikuwa ameshayamaliza.

Hesabu yake ya biashara haikuwa mbaya. Tangu serikali itangaze kuhamia Dodoma mwaka 2016, na mji kupewa hadhi ya jiji mwaka 2018, ujenzi haujalala. Miradi mikubwa kama Mji wa Serikali Mtumba, uwanja wa ndege wa Msalato na barabara ya mzunguko ya kilomita 112.3 ilikuwa na makandarasi wenye magari yao, lakini nyuma yao kulikuwa na maelfu ya watu wanaojenga nyumba za kuishi Iyumbu, Nzuguni, Ihumwa na Mkonze. Hao hununua mchanga, kokoto na moramu kwa tripu, na dukani kwa mama huyu ndiko wanakoagizia. Gari alikuwa akikodi, na faida yote ilikuwa inaishia kwa mwenye gari. Mchanga mwingi aliuziwa kutoka makorongo ya upande wa Bahi, maana yake kila tripu inaingia mjini kwa barabara ya Singida na kupita mizani ya Nala, malori yanapopimwa uzito.

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo iliyoamua kisa kizima, ingawa dalali hakuitaja hata mara moja.

Hoja ya dalali ilikuwa rahisi na yenye mvuto. Vichwa vilivyotumika vimejaa sokoni, kwa hiyo bei yake iko chini kuliko tipa iliyo tayari. Hiki kilikuwa dabo difu, yaani ekseli zote mbili za nyuma zinasukuma, injini ya nguvu, kebini yenye kitanda, ndani safi kama hakijawahi kupanda vumbi. "Mama, hii unaitoa sahani ya tela, unaweka bodi, wiki ijayo unabeba." Sahani ni kile kiti cha chuma nyuma ya kebini ambacho tela hukaa juu yake. Nimeyasikia maneno hayo Kizota hapahapa Dodoma, nimeyasikia Morogoro, na kusema kweli zipo tipa za aina hiyo zinazofanya kazi kila siku. Swali ni zinafanya kazi kwa namna gani, na nani analipa tofauti.

Kabla ya kuingia chini ya gari nilimuuliza mama anabeba nini. Akasema mchanga. Mchanga gani? Mkavu wa kiangazi au ule wa kifuku? Akacheka, akadhani namtania. Lakini mita moja ya ujazo ya mchanga mkavu ina uzito wa kama tani 1.5 hadi 1.6, na mchanga huohuo ukilowa hufika 1.9, hata 2. Kokoto za mwamba wa Dodoma, zikiwa zimepondwa na kumwagwa, hazitofautiani sana na mchanga mkavu. Moramu iko katikati, inategemea unyevu. Bodi la mita 10 za ujazo lililojazwa mchanga mkavu lina tani 16 hivi. Lijaze Januari baada ya mvua na una tani 19 au 20, na kwa macho mzigo ni uleule. Mteja anaona bodi limejaa, dereva anaona limejaa, ni ekseli tu inayojua tofauti.

Sasa sheria. Udhibiti wa uzito wa magari kwa nchi za Afrika Mashariki unaongozwa na sheria ya jumuiya ya mwaka 2016. Kwa gari la ekseli tatu kama hili, ekseli ya mbele ya usukani inaruhusiwa tani 8, na tandam, yaani zile ekseli mbili za nyuma zilizokaa pamoja, yenye tairi nne kila ekseli inaruhusiwa tani 18. Jumla 26. Watu wengi huishia kwenye hiyo 26. Mizani hupima kila kundi la ekseli peke yake, kwa hiyo gari linaweza kuwa na jumla halali kabisa na bado likakamatwa kwa sababu mzigo umekaa mahali pabaya.

Huo ndio ugonjwa wa vichwa.

Kichwa kimetengenezwa kuvuta. Mzigo wa tela hukaa juu ya sahani, na sahani iko karibu sana na katikati ya tandam, mbele kidogo. Chesisi inakuwa fupi ili gari lizunguke kirahisi na tela lisigonge kebini. Ukitoa sahani na kuweka bodi, unalazimika kutafuta nafasi ya bodi kwenye chesisi ambayo haikuachiwa nafasi hiyo. Mtu aliyewahi kubeba ndoo mbili za maji kwa mzegazega anaelewa habari hii mwilini: ndoo zinaweza kuwa na maji kiasi kilekile, lakini bega likikaa sentimita chache nje ya katikati, upande mmoja unakulaza.

Nilichukua futi. Kutoka katikati ya ekseli ya mbele hadi ekseli ya kwanza ya nyuma: mita 3.1. Kati ya ekseli mbili za nyuma: mita 1.35. Kwa hiyo kutoka ekseli ya mbele hadi katikati ya tandam ni 3.1 kuongeza nusu ya 1.35, yaani mita 3.775. Nyuma ya kebini ya kitanda ilikuwa mita 0.95 kutoka ekseli ya mbele. Ongeza nafasi ya jeki ya mbele, vishikio vyake, na uwazi wa kebini kuinamishwa, unapata kama sentimita 45 nyingine. Bodi haliwezi kuanza kabla ya mita 1.40.

Tukalipeleka kupima uzito likiwa tupu. Baada ya kutoa uzito wa sahani ya tela, mbele lilibaki na tani 5.0 na nyuma 3.6. Jumla 8.6. Kwa hiyo mpaka kufika 26, bodi pamoja na fremu yake, jeki na mzigo vyote visizidi tani 17.4. Ekseli ya mbele imebakiza tani 3.0, tandam imebakiza 14.4. Ili tani 17.4 zigawanyike hivyo, kitovu chake cha uzito lazima kikae mbele ya katikati ya tandam kwa 3.0 kugawa kwa 17.4 mara 3.775. Jibu ni sentimita 65.

Fundi wa kuchomelea alikuwa ameshapanga bodi la mita 5, kwa sababu ndilo analolitengeneza siku zote. Bodi la mita 5 likianzia mita 1.40, katikati yake inaangukia mita 3.90 kutoka ekseli ya mbele. Hiyo ni sentimita 12 na nusu nyuma ya katikati ya tandam. Badala ya kuongeza uzito mbele, mzigo unainyanyua pua ya gari. Hesabu inatoa mbele tani 4.4 na nyuma tani 21.6. Jumla bado 26 kamili, halali ukiitazama peke yake, huku tandam imezidi kwa tani 3.6. Na hilo si la faini tu. Ekseli ya mbele yenye uzito mdogo kuliko ilivyokuwa tupu, kwenye mpando wa kutoka korongoni mchangani, inakupa usukani unaozunguka bila gari kufuata.

Nilipomwonyesha mama karatasi, hakubishana na hesabu. Aliuliza swali la mfanyabiashara: "Fundi, bodi likikatwa likawa fupi?"

Inawezekana. Ili kitovu kikae sentimita 65 mbele ya tandam, bodi liwe na urefu wa mita 3.45. Kubeba mzigo halali wa karibu tani 14 ndani ya urefu huo kunahitaji kuta za zaidi ya mita moja kwenda juu. Gari linakuwa fupi, refu kwenda juu, kijiko kinashindwa kupakia vizuri, na likinyanyua bodi kwenye kiwanja kilichoinama kidogo linaanguka ubavu. Viwanja vya Iyumbu na Mkonze vina miteremko, vina mashimo ya vyoo yaliyofukiwa juzi, vina mitaro. Tipa hupinduka sana wakati wa kumwaga, na mara nyingi sababu ni ardhi isiyo sawa pamoja na mchanga uliolowa kung'ang'ania upande wa mbele wa bodi wakati nyuma kumeshamwagika.

Kulikuwa pia na suala la springi. Nyuma kichwa kilikuwa na maputo ya upepo, mazuri kwa lami ya kwenda Dar, mabaya kwa korongo. Kwa tipa, maputo lazima yatolewe upepo kabla ya kunyanyua bodi, la sivyo gari linayumba juu yake. Na dereva atakayekumbuka kufanya hivyo kila tripu, mwaka mzima, mimi sijakutana naye. Difu nazo zilikuwa na uwiano wa mwendo wa barabara kuu. Kwa kazi ya kutoka mchangani taratibu na mzigo kamili unataka uwiano mkubwa zaidi, na ikiwezekana difu zenye gia za kupunguza kwenye habu, kwa sababu hizo hupunguza nguvu ya kuzungusha inayobebwa na shafti za ndani. Dabo difu si neno moja. Zipo dabo difu za aina nyingi.

Kilichokata shauri hata kabla ya hesabu kumalizika kilikuwa kitu kidogo. Chini ya sehemu ilipofungwa sahani, ukingo wa juu wa chesisi ulikuwa na matundu ya zamani, mengine yamezibwa kwa kuchomelewa na kusagwa, yakapakwa rangi. Nikafuta rangi kwa brashi ya waya, nikapaka mafuta ya taa kwa kitambaa, nikasubiri yanywe, nikafuta mpaka pakauka, kisha nikapaka chokaa juu yake. Baada ya muda mafuta yaliyokuwa yamejificha yakarudi juu na kuchora mstari mweusi mwembamba kutoka kwenye tundu moja hadi ukingoni. Ufa. Utingo wa yadi aliyekuwa anashika tochi alisema "hiyo inachomelewa tu", na hapo ndipo penye shida: chuma cha chesisi za malori mazito kina nguvu maalumu, na joto la kuchomelea huiua nguvu hiyo pembeni ya mshono. Ufa unaofuata hutokea sentimita chache kando ya ule uliozibwa. Tela lilikuwa limekionea huruma kichwa hiki kwa kugawana nacho mzigo. Bodi la tipa lisingekionea.

Tulijadili njia nyingine ya kukinusuru kichwa: kusogeza tandam nyuma kwa sentimita 80, kurefusha chesisi, propela, mabomba ya breki na nyaya. Kwa namba ni nzuri, kwa sababu wilibesi, yaani umbali wa ekseli ya mbele hadi katikati ya tandam, ingefika mita 4.575 na bodi la mita 4.8 lingekaa sawasawa. Watengenezaji wa malori wanaruhusu kurefusha chesisi kwa masharti yao. Lakini huwezi kurefusha chesisi yenye ufa ukasema umetengeneza gari. Na gharama yake, ukijumlisha springi na difu, ilikuwa inaikaribia bei ya kununua gari jingine.

Howo tuliitazama pia, tipa iliyo tayari, injini ya farasi 371, ekseli zenye gia za habu, spea zinapatikana hata Kibaigwa na fundi yeyote anaijua. Sina ugomvi na Howo. Hii moja ilikuwa imeongezwa kuta mpaka karibu na paa la kebini, na chesisi imewekewa vibao vya kuimarisha hapa na pale, kila kibao kikitoa ushahidi wa mzigo fulani. Tupu tu ilikuwa inakaribia tani 13. Maana yake mzigo wake halali ni tani 13, pengine pungufu, na bei yake ilikuwa juu. Fuso tandam mama aliikataa mwenyewe. Alishawahi kukodi moja ikamchosha kwenye mpando.

Kwenye yadi hiyohiyo, nyuma kabisa, kulikuwa na Scania ya kebini fupi iliyotoka Uingereza ikiwa imebeba mtungi wa zege. Mtungi umeng'olewa, umebaki uchi wa chesisi. Madalali hawaipendi gari ya namna hii kwa sababu haipendezi: kebini ndogo, haina kitanda, dashibodi imechubuka, zege limekauka kwenye kila kona. Lakini tazama gari lilichokuwa linakibeba. Mtungi wa zege ni mzigo mzito ulio karibu na kebini, kwa hiyo chesisi imepangwa kwa ajili ya mzigo juu yake, si wa kuvuta. Springi za vyuma nyuma, difu za kazi ngumu zenye gia za habu, loki za difu zinafanya kazi. Kutoka ekseli ya mbele hadi ya kwanza nyuma mita 3.9, kwa hiyo hadi katikati ya tandam mita 4.575 bila kukata chochote. Nilipaka chokaa kila mahali penye bolti. Hakuna mstari uliotokea.

Kishika uchumba kilirudi pungufu. Mwenye yadi alikubali kukihamishia kwenye gari hili lakini alikata kidogo kwa "usumbufu", na mama akaona bora hivyo kuliko kesi.

Hesabu ya gari la pili. Tupu, mbele tani 4.7, nyuma 4.1, jumla 8.8. Kilichobaki ni tani 17.2: mbele 3.3, nyuma 13.9. Kitovu kinatakiwa kiwe sentimita 88 mbele ya tandam. Kwa kebini fupi, bodi linaweza kuanzia sentimita 95 kutoka ekseli ya mbele. Hapo bodi la mita 5.5 linakaa palepale linapotakiwa. Bodi, fremu ya pili (ile inayokaa kati ya chesisi na bodi) na jeki vilikadiriwa tani 3.4, mzigo ukabaki tani 13.8. Kwa mchanga mkavu hiyo ni mita za ujazo 8.6. Bodi la mita 5.5 kwa upana wa ndani wa 2.3 linahitaji mzigo wa kina cha sentimita 68 tu.

Hapa tulibishana sana, na mabishano haya ndiyo ninayotaka mwenye kutengeneza tipa ayachukue kwa uzito. Fundi wa kuchomelea alitaka kuta za mita moja, "kama za wenzake". Mama naye alikuwa na hofu ya haki: mteja wa Dodoma hununua kwa macho, akiona bodi lina nafasi juu anasema amepunjwa. Kwa sababu hiyohiyo nikataka kuta ziwe fupi. Ukiweka kuta za mita moja, mzigo halali utaonekana theluthi mbili ya bodi, na kila siku dereva atabishana na mteja mpaka siku moja achoke, ajaze. Ukiweka kuta za sentimita 70, mzigo halali unajaa mpaka juu, mteja anaridhika, dereva hana cha kuongeza. Kuta zikawa za 70. Ndani ya bodi tulipaka mstari wa rangi nyeupe kwenye kina cha sentimita 56, alama ya mchanga uliolowa. Mama alitaka mteja wa kifuku auziwe kwa kubiki, yaani kwa mita ya ujazo, bei yake iandikwe dukani kabisa, ili mstari ule usiwe siri ya dereva.

Sakafu ilikuwa na ubishi wake mdogo. Chuma cha kawaida cha milimita 8 kwa sakafu kinatosha mchanga na kokoto. Fundi alitaka 10 kwa sababu ya mawe. Kwa eneo lile, milimita 2 za ziada ni kama kilo 200, na kilo 200 hizo unazibeba ukienda na kurudi maisha yote ya bodi. Mama habebi mawe makubwa. Ikawa 8 chini na 6 kuta.

Kazi ya kufunga bodi nitaipita haraka isipokuwa mambo mawili matatu. Fremu ya pili hailali juu ya chesisi na kuchomelewa. Inashikwa kwa bolti za nguvu zinazopita kwenye ubavu wa chesisi, kamwe si kwenye ukingo wa juu au wa chini, nyuma kwa vibao vigumu na mbele kwa vishikio vinavyoachia kidogo, kwa sababu chesisi lazima ijipinde gari linapopita kwenye shimo. Ncha ya mbele ya fremu ya pili hukatwa kwa mshazari ili ugumu usiishie ghafla; pale ugumu unapoishia ghafla ndipo ufa unapozaliwa. Betri zilitolewa waya kabla ya kuchomelea chochote, na waya wa ardhi wa mashine ukafungwa karibu na mshono. Umeme wa kuchomelea ukitafuta njia kupitia beringi za gurudumu au giaboksi, unaziacha na madoa yatakayolia baada ya miezi.

Jambo la pili ni nguvu ya kuendesha pampu ya haidroliki. Gari la zege huchota nguvu moja kwa moja kwenye injini ili mtungi uzunguke hata gari likitembea. Kwa tipa hiyo ni hatari: pampu inazunguka muda wote, na kosa dogo la valvu linanyanyua bodi ukiwa barabarani. Tuliifunga njia hiyo, tukaweka kifaa cha kuchota nguvu kwenye giaboksi, kile mafundi wanachokiita PTO, kinachoingia kwa klachi gari likiwa limesimama. Taa nyekundu na king'ora ndani ya kebini vinawaka bodi likiachana na fremu hata kidogo. Bodi la urefu huu likifika nyuzi 48, mdomo wake wa mbele uko zaidi ya mita 5 kutoka ardhini, na nyaya za umeme za mitaa mipya ya Dodoma haziko mbali na hapo.

Jeki ya mbele yenye hatua kadhaa, inayorefuka zaidi ya mita 4, ndiyo iliyohitajika kufikia nyuzi hizo. Watu hununua jeki kwa kufikiria inanyanyua mzigo wote. Ikiwa mbele ya bodi, mwanzoni inanyanyua karibu nusu tu. Nusu nyingine iko kwenye pini za nyuma. Kwa hiyo usibane pesa kwenye pini na vishikio vyake ukaimalizia kwenye jeki. Tuliweka pia valvu inayokata mafuta jeki inapofika mwisho wake, ili isijing'oe.

Kadi ilibadilishwa. Gari lilikuwa limeandikishwa kwa bodi la zege, likakaguliwa na trafiki na taarifa za bodi kurekebishwa TRA, mamlaka ya mapato. Leseni ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, na bima vikafuata hiyo kadi. Ni kazi ya kuchosha, lakini ajali ikitokea na kadi inasema mtungi wa zege, mtu wa bima hatakuwa na haja ya kusoma ukurasa wa pili.

Siku ya kwanza kupita Nala na mzigo, karatasi ilisoma mbele tani 7.6, nyuma 18.4. Jumla 26 sawasawa, lakini tandam imezidi kilo 400. Tulirudi Kizota na futi. Fundi, bila kusema, alikuwa amelirudisha bodi nyuma sentimita 10 kwa sababu mtungi wa upepo wa breki ulikuwa unagusana na kishikio cha jeki. Badala ya kuhamisha mtungi, alihamisha bodi. Ukirudia hesabu, sentimita 10 mara tani 17.2 kugawa kwa 4.575 zinatoa karibu kilo 380, tofauti ileile ya mizani. Kumlaumu sana sikuweza. Kwa macho yake sentimita 10 kwenye gari refu kama lile ni kitu gani?

Kulisogeza bodi tena kulimaanisha kufungua fremu nzima na kutoboa chesisi upya, na matundu mapya karibu na ya zamani sikuyataka. Tukaamua kupunguza mzigo. Nusu tani ikiondolewa, tandam inarudi kwenye 18. Mzigo ukawa tani 13.3, kama mita za ujazo 8.3, na alama ndani ya bodi ikashuka. Kila tripu, mwaka baada ya mwaka, mama anaacha nusu tani ya mchanga Bahi kwa sababu ya mtungi wa upepo. Bodi litakapochakaa na kubadilishwa, jambo la kwanza ni kuuhamisha huo mtungi.

Baadaye alikuja na ombi la mbao za kuongeza urefu wa kuta. Nilijiandaa kukataa, kumbe alitaka kubeba mashudu ya alizeti kutoka Singida kwa wafugaji gari likiwa halina kazi ya mchanga. Mashudu ni mepesi. Bodi likijaa mpaka juu ya mbao halifiki uzito wa mchanga, ila turubai lifungwe vizuri. Tukatengeneza mbao za kuchomeka na kuchomoa, zikishikwa kwa pini. Sharti nililoweka ni kwamba hazikai kwenye gari. Zinahifadhiwa dukani Majengo nyuma ya mifuko ya saruji, na ufunguo anao mama, kwa sababu mbao zikiwa karibu na dereva na kijiko kipo, mchanga utapanda tu.